Kichujio cha Kigunduzi cha Metali: Dalili, Sababu na Marekebisho

Malalamiko ya watumiaji wa vigunduzi vya metali hufanana sana. Mmoja amechimba vizibo vya chupa mchana kutwa, mwingine amepita mahali ambapo baadaye mwenzake aliokota pete, na wa tatu ameona namba zikirukaruka kwenye skrini hadi ameacha kuziamini. Sehemu kubwa ya malalamiko hayo ina chimbuko moja, nalo ni kukitaka kichujio, yaani sehemu ya mashine inayoamua ishara zipi zisikike na zipi zinyamazishwe, kifanye kazi ambayo hakikuundwa kuifanya. Kichujio hakijui thamani ya kitu, wala hakitambui moja kwa moja kwamba hii ni dhahabu na ile ni alumini.

Koili, yaani ile sahani yenye waya wa kuzungushwa iliyo mwishoni mwa mpini, hupeleka ardhini mawimbi ya sumaku, na mawimbi hayo yakikutana na metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo hutoa mawimbi yake, ambayo hurudi kwenye koili yakiwa yamechelewa kidogo. Kiasi cha kuchelewa hutegemea jinsi metali inavyopitisha umeme, lakini hutegemea pia ukubwa wa kitu, unene wake na umbo lake. Chuma kina tabia ya ziada, kwa kuwa kinavutwa na sumaku, na ndiyo maana mashine huweza kukitenga kwa uhakika mkubwa kidogo kuliko metali nyingine. Mashine hugeuza habari hizo zote kuwa namba moja na mlio mmoja. Katika mashine nyingi, mwanzo wa kipimo hukaa chuma, kisha karatasi nyembamba ya alumini, kisha sarafu za nikeli na vishikio vya kufungulia makopo, halafu zinki, na mwisho kabisa shaba na fedha. Kwa kuwa kampuni moja hutumia kipimo cha 0 hadi 99 na nyingine huanzia chini ya sifuri, namba za mashine ya mwenzako hazikufai.

Maelezo yanayofuata yanahusu mashine za aina hiyo, zinazotuma mawimbi mfululizo. Mashine zinazofanya kazi kwa mapigo mafupi ya umeme zina uwezo mdogo sana wa kuchuja, na mwenye mashine hiyo hana budi kuchimba karibu kila anachokisikia.

Jaribio la kuanzia

Kabla ya kulaumu udongo au mashine, fanya jaribio la hewani. Weka mashine juu ya meza ya mbao isiyo na misumari karibu na koili, nje ya nyumba, mbali na nyaya za umeme. Vua saa na pete, zima simu, kisha rudisha mipangilio ya kiwandani. Pitisha mbele ya koili, kwa umbali wa takriban sentimita 10, vitu hivi kimoja kimoja: msumari wenye kutu, kipande cha karatasi ya alumini iliyofinyangwa, kishikio cha kopo, kizibo cha chupa cha chuma, sarafu ya shaba au ya fedha, na pete ya dhahabu ikiwa unayo. Andika namba ya kila kimoja, kisha rudia ukiwa umegeuza kitu upande.

Jaribio hili hugawa matatizo yote mafungu mawili. Namba zikitulia hewani na kuyumba ardhini, tatizo liko katika udongo, mipangilio au namna ya kutembeza koili. Zikiyumba hata hewani, tafuta kwanza mwingiliano wa umeme, betri dhaifu au hitilafu ya koili, kwa sababu hakuna mpangilio wa kichujio utakaoponya mashine isiyosikia vizuri.

Dalili ya 1: Mashine iko kimya mno

Wengi hawaihesabu dalili hii kuwa tatizo, kwa sababu ukimya hauchoshi. Kwa maoni yangu ndiyo inayopoteza vitu vizuri kuliko nyingine zote, kwani anayechimba takataka anajua kwamba amechimba takataka, lakini aliyepita juu ya pete hatajua kamwe.

Sababu inayoongoza ni kichujio kilichopandishwa kupita kiasi. Mtumiaji aliyechoka na alumini huziba namba zote kuanzia chuma hadi vishikio vya makopo, na kwa tendo hilohilo huziba pia pete nyingi za dhahabu, sarafu nyembamba za fedha, vifungo vidogo vya shaba na vitu vya risasi. Ukaguzi wake ni rahisi: shusha kichujio hadi kiishie kwenye chuma tu, kisha pita tena polepole katika mita chache ulizokwisha kuzipita. Ikiwa ardhi iliyokuwa kimya sasa ina milio mingi, umepata jibu.

Sababu ya pili ni chuma kufunika kitu kizuri. Mashine ikikutana na msumari uliozibwa, hunyamaza kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kuwa tayari kusikia kitu kingine, na sarafu iliyolala karibu na msumari huo hupitwa ndani ya ukimya huo. Kuna pia hali ambapo ishara za vitu viwili huchanganyika, mashine ikatoa namba ya katikati ambayo si ya kimoja wala ya kingine. Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko mashine tunazozitumia. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutafuta kwa chombo cha sumaku na umeme risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, na springi za chuma za kitanda alicholazwa mgonjwa zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyovuruga kazi yake. Risasi haikupatikana, ingawa chombo chenyewe kilikuwa kikifanya kazi.

Dawa ya kufunikwa si kuchuja zaidi bali ni kuchuja kidogo. Acha chuma kisikike kwa mlio mzito na wa chini, ikiwa mashine yako ina sehemu ya kupunguza sauti ya chuma, ili sikio lijue kilipo bila kukerwa nacho. Punguza kasi ya mkono, ongeza kasi ya mashine kurejea baada ya kila ishara, na uvumilie kupoteza kina kidogo kwa ajili ya hilo. Pita eneo lilelile kwa pande mbili zinazokingamana. Ukiweza, funga koili ndogo, kwa sababu hiyo huona vitu vichache kwa wakati mmoja. Mahali palipojaa misumari, kutoa chuma cha juu kwa mkono na kupita upya ni kazi ngumu ambayo hulipa kuliko mpangilio wowote.

Sababu ya tatu ni usikivu ulioshushwa sana, au koili inayoinuliwa mwishoni mwa kila mzunguko wa mkono. Kitu kidogo kilicho mbali na koili hupoteza ishara kwa kasi ya kutisha: kina kikiongezeka mara mbili, ishara inayorudi hupungua kufikia takriban sehemu moja ya 64. Sentimita chache za hewa kati ya koili na nyasi zinatosha kuiondoa sarafu nzima kwenye kipimo.

Sababu ya nne, isiyo ya kawaida sana, ni masafa ya mawimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yasiyolingana na kinachotafutwa. Mashine ya karibu kilohezi 5 husikia vizuri sarafu kubwa za fedha na shaba, lakini huweza kuziacha chembe ndogo za dhahabu na minyororo myembamba, ambazo husikika vyema zaidi kwenye kilohezi 15 na kuendelea. Hapa hakuna cha kurekebisha. Ni ama kubadili masafa ikiwa mashine inaruhusu, ama kutumia mashine nyingine.

Dalili ya 2: Namba ni ya juu, lakini kinachotoka ni chuma

Anayeongoza hapa ni kizibo cha chupa. Kizibo, washa, kifuniko cha mkebe na vipande vingine vya chuma vilivyo bapa au vya mviringo huruhusu mikondo ya umeme kuzunguka ndani yake kama inavyozunguka ndani ya sarafu, na mzunguko huo huishinda ile tabia ya chuma ya kuvutwa na sumaku. Baada ya hapo huja vyuma vikubwa, kama jembe, kopo zima au kipande cha bomba, ambavyo ishara yake ni kubwa kiasi cha kuivuka sehemu ya chuma kwenye kipimo na kutokea upande wa fedha. Msumari mrefu wenye kutu nao hudanganya, hasa koili inapopita kwenye ncha yake badala ya kuukata katikati.

Anza na vipimo visivyogharimu kitu. Simama juu ya mlio, kisha jigeuze robo ya duara na upitishe koili tena. Sarafu iliyolala bapa hutoa mlio uleule na namba ileile kutoka kila upande. Msumari hubadilika, hukatika, au hupotea kabisa. Kisha inua koili polepole huku ukiendelea kuipitisha. Kitu kidogo hutoweka mapema, lakini kopo au jembe huendelea kulia hata koili ikiwa usawa wa goti. Tazama pia mahali mlio unapoonyesha: ikiwa hali ya kutafuta nukta kamili inaonyesha sehemu moja na mlio wa kawaida unatokea pembeni, chuma ndicho kinachowezekana zaidi. Mwisho, badilisha kwenda hali ya metali zote na usikilize kama kuna mlio mzito wa chuma uliofungamana na ule mzuri.

Kwa vizibo kuna kipimo kingine kinachofaa kujifunza. Rudisha koili nyuma kidogo kidogo huku ukiipeleka kulia na kushoto, hadi kitu kiwe chini ya ukingo wake wa mbele tu. Kizibo mara nyingi huanza kukwaruza na kushuka kwenye namba za chuma, ilhali sarafu hufifia bila kubadili tabia. Watumiaji wa koili ya umbo la D mbili hukutana na tatizo la vizibo zaidi kuliko watumiaji wa koili ya duara ndani ya duara, ingawa ile ya kwanza hustahimili vizuri zaidi udongo wenye madini. Ikiwa eneo lako lina udongo mpole na vizibo vingi, kubadili koili kunaweza kukusaidia kuliko kubadili mpangilio wowote.

Baada ya hayo ndipo ugeukie sehemu ya mashine inayoegemeza ishara zenye shaka upande wa chuma. Ipandishe hatua moja, jaribu juu ya kizibo unachokijua, kisha jaribu tena ukiwa umeweka sarafu karibu na msumari. Utaona kwamba kila hatua inayonyamazisha kizibo huidhoofisha sarafu iliyo jirani na chuma, na ni wewe utakayeamua hasara ipi unaweza kuibeba katika eneo hilo. Katika uwanja wa burudani uliojaa vizibo vipya ningeipandisha bila wasiwasi. Katika kiwanja cha nyumba ya zamani iliyobomoka, ambako misumari imetapakaa kila mahali, ningeiacha chini na kukubali kuchimba vyuma kadhaa.

Onyo lihusulo dalili hii: mlio mkubwa, mrefu, unaoendelea katika mstari mmoja kwa mita kadhaa si hazina. Huenda ni bomba la gesi au la maji, au waya wa umeme uliofukiwa. Usipige sululu hapo.

Dalili ya 3: Namba inarukaruka juu ya kitu kimoja

Mara nyingi kitu kipo mbali. Ishara dhaifu huchanganyika na ishara ya udongo wenyewe, na katika udongo wenye madini ya chuma kitu kizuri kilicho ndani sana husukumwa kuelekea namba za chuma. Ndiyo maana watafutaji wazoefu hawadharau mlio dhaifu wenye namba inayopanda na kushuka, mradi tu unarudi kila koili inapopita kutoka pande zote mbili. Chimba udongo wa juu sentimita chache, kisha pima upya: namba ikitulia na kupanda, endelea, ikizama kwenye chuma na kubaki huko, una haki ya kufukia.

Ikiwa mlio ni wa nguvu na bado namba inaruka, huenda vitu ni viwili au zaidi. Fupisha mzunguko wa mkono hadi koili itikisike juu ya sehemu ndogo tu, ama tumia ncha ya koili, ujaribu kuvitenganisha. Sarafu iliyosimama kwa ukingo nayo huleta namba ya ajabu, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya uso wake inaelekea koili.

Sababu inayosahaulika ni usawazishaji wa mashine na udongo. Tafuta kipande kisicho na metali, pandisha na ushushe koili kati ya sentimita 2 na 30 kutoka ardhini kama maelekezo ya mashine yanavyosema, hadi sauti isibadilike kwa kupanda wala kushuka. Rudia kila unapohama kutoka udongo mkavu kwenda mbichi, au kutoka udongo mwekundu kwenda mchanga. Ufukweni, mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme na hutoa ishara kwenye sehemu ileile ya alumini nyembamba na dhahabu ndogo. Mashine ya masafa mamoja huhangaika sana hapo, na kupandisha kichujio ili kunyamazisha chumvi ni kunyamazisha pete pamoja nayo. Afadhali ushushe usikivu, utumie hali ya ufukweni ikiwa ipo, au ubaki kwenye mchanga mkavu.

Dalili ya 4: Alumini na dhahabu hutoa namba moja

Hapa sina budi kusema wazi kwamba hakuna mpangilio unaotibu. Swali huulizwa kana kwamba mashine bora zaidi ingelimaliza tatizo, lakini kikwazo kimo katika maumbile ya vitu vyenyewe.

Dhahabu safi hupitisha umeme vizuri kuliko alumini. Ingekuwa pete zote ni dhahabu safi yenye ukubwa mmoja, zingejitenga kwa urahisi. Lakini pete ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ya karati 14 ina takriban asilimia 58.5, na ya karati 9 ina asilimia 37.5, kilichobaki ni fedha, shaba, zinki, nikeli au paladiamu. Metali zikichanganywa, umeme hupita kwa shida zaidi kuliko unavyopita katika kila moja peke yake, na dhahabu nyeupe huathirika zaidi. Ongeza juu ya hilo tofauti ya ukubwa: pete nyembamba ya mkono wa mwanamke huanguka kati ya vipande vya karatasi ya alumini, pete pana ya mwanamume huanguka kati ya vishikio vya makopo au juu yake kidogo. Mnyororo mwembamba ni mgumu kupita vyote, kwa sababu mashine huona kila kijipete chake peke yake, na mara nyingi kinachosikika ni kile kifungo cha kufungia tu. Kwa hiyo dhahabu haina namba yake. Imetawanyika katika sehemu yote ambayo takataka za alumini zimekaa.

Unachoweza kufanya ni kujiongezea uwezekano wa kupatia, si kupata hakika. Sikiliza umbo la mlio kabla ya kutazama namba. Karatasi ya alumini iliyokunjamana huwa na kingo zisizo sawa, na mlio wake mara nyingi ni mpana, wenye mikwaruzo, na namba yake hutangatanga. Pete nzima, isiyovunjika, hutoa mlio mfupi na wa mviringo, ulioanza na kwisha vizuri, wenye namba inayoshikilia palepale hata ukiizunguka. Kishikio cha kopo kilichovunjika mkia hutoa mlio unaofanana na huo kwa karibu sana, na ndicho kitakachoendelea kukuchosha.

Ikiwa eneo lina vishikio vya aina moja kwa wingi, kuna mbinu ya kati. Chimba kadhaa vya kwanza na uandike namba zake. Zikiwa zimekusanyika katika nafasi finyu, ziba nafasi hiyo peke yake, bila kugusa zilizo chini na juu yake. Utapoteza pete chache zilizoangukia nafasi hiyo, lakini utabaki na nyingine zote. Kosa ninaloona likirudiwa ni kuziba fungu zima la katikati kwa sababu ya kero ya aina moja ya takataka, kisha kuacha mpangilio huo kwenye mashine na kwenda nao eneo jingine ambako takataka hiyo haipo kabisa. Mashine nyingi hukumbuka mipangilio hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo ikague kila unapofika mahali papya.

Mtu anayetafuta sarafu za fedha na shaba tu anaweza kuziba sehemu ya chini na ya kati bila majuto, mradi ajue kwamba amejiondoa kwenye dhahabu kwa hiari yake, na kwamba baadhi ya sarafu za fedha zilizo nyembamba sana zitakuwa zimebaki huko chini pia. Anayetafuta pete lazima achimbe alumini, na achukue takataka hiyo aende nayo, kwa maana ikirudishwa shimoni itamlilia yeye au mwingine kesho.

Dalili ya 5: Mlio ulikuwepo, shimo ni tupu

Kwanza pitisha koili juu ya udongo uliotoa, maana mara nyingi kitu kimeshatoka. Kisha pima ukuta wa shimo, kwani koili iliyoshikwa kwa mshazari huonyesha nukta iliyosogea pembeni. Ikiwa mlio umepotea pande zote, huenda kilikuwa chuma kilichooza: kutu iliyoenea kwenye udongo huongeza ukubwa wa ishara, na udongo ukivurugwa ishara huvunjika. Mawe yenye madini ya chuma yana tabia yake pia, ya kulia vizuri yakiwa ardhini na kunyamaza au kugeuka yakiwa mkononi. Hakikisha koleo limewekwa mbali unapopima tena.

Dalili ya 6: Mashine inalia kila mahali

Shusha usikivu kwanza. Ikitulia, ulikuwa umeupandisha kuliko hali ya eneo inavyoruhusu. Isipotulia, shikilia koili ikiwa imetulia hewani: ikiendelea kulia bila kutembezwa, kuna mwingiliano wa umeme kutoka kwa nyaya za juu, uzio wa umeme, simu yako mwenyewe au kigunduzi kingine kilicho karibu. Badilisha masafa kidogo, au tumia kitufe cha kuondoa mwingiliano, au hama. Ikilia tu inapotembezwa, kagua viatu vyenye chuma, waya wa koili uliolegea na kutikisika kando ya mpini, nati ya plagi isiyokazwa, na mchanga mweusi uliojificha ndani ya kifuniko cha koili. Usiitatue dalili hii kwa kichujio. Kelele hizo hutokea kwenye namba zozote, na utajikuta umeziba kila kitu.

Wakati wa kuacha kuchimba

Ukikutana na kitu kinachofanana na kombora, guruneti, bomu la kutegwa ardhini au risasi kubwa, acha mara moja. Usikiinue, usikisafishe, usikigongegonge ili kujua ni nini, na usikifukie. Kutu haimaanishi kwamba kimekufa; baruti ya zamani inaweza kuwa hatari zaidi kuliko mpya. Weka alama ya kuonekana bila kupigilia kitu ardhini, ondoka kwa njia uliyojia, zuia wengine wasikaribie, na upige simu kwa polisi ukiwa umefika mbali. Ukikuta ganda la waya wa umeme au bomba la gesi, toka shimoni na uwaite wenye mtandao huo. Ukikuta mifupa inayoweza kuwa ya binadamu, acha kila kitu kilivyo na uwaite polisi.

Vitu vya kale vingi vilivyokaa pamoja navyo ni sababu ya kuacha, hata kama moyo unakusukuma kuendelea. Mnamo Novemba 1992, huko Hoxne, Suffolk, nchini Uingereza, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani alipoanza kupata sarafu za Kirumi. Baada ya kutoa sehemu yake aliacha na kutoa taarifa, na wanaakiolojia wakaweza kuchimba kilichobaki kikiwa bado kimepangika kama kilivyofukiwa: zaidi ya sarafu 14,000 za dhahabu na fedha, pamoja na mapambo na vijiko, ambavyo leo vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mpangilio huo usingesomeka kama kila kitu kingekwanguliwa nje kwa mkono. Sheria za kutafuta na kutoa taarifa hutofautiana baina ya nchi na nchi, na baadhi hukataza kigunduzi kabisa bila kibali, kwa hiyo zijue kabla ya kutoka, pamoja na kupata ruhusa ya mwenye ardhi. Kitu cha kale usikisugue. Weka kikiwa na udongo wake hadi mtaalamu wa kuhifadhi akione.

Wakati wa kuipeleka mashine kwa fundi

Ikiwa jaribio la hewani linatoa namba zinazoyumba hata mbali na umeme, betri ikiwa imejaa na plagi ikiwa safi, azima koili nyingine ya mashine ya aina hiyohiyo na urudie. Namba zikitulia, koili yako ndiyo mbovu: mara nyingi ni ufa ulioingiza maji, au waya uliokatika karibu na plagi kwa kukunjwa. Zikiendelea kuyumba, hitilafu imo kwenye kisanduku cha umeme. Koili hurekebishwa kiwandani kwa usahihi mkubwa kisha kufungwa kwa gundi ngumu, na ukiifungua nyumbani haitarudi katika usawa wake. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa. Itoe ikiwa inatoka bila kulazimishwa, iweke nje mbali na vitu vinavyoungua, na uipeleke mahali panapopokea betri mbovu. Mashine iliyoingiwa maji ya chumvi izimwe, itolewe betri na ifike kwa fundi mapema, kwa sababu chumvi huendelea kula sakiti hata baada ya maji kukauka.